Neno la Jikoni

3 Februari

Binti yangu Kamusi,

Barua yako imefika imekunjwa mara nne kama shati la bwana harusi, nikajua kazi ya dobi imekuingia hadi vidoleni. Hujambo lakini? Kile kikohozi kimekuacha, au mmeamua kuishi pamoja? Sisi huku wazima. Goti langu la kulia hulalamika kila nikikanyaga mashine ya kuchapia, ila goti halijawahi kuchapa kadi hata moja, kwa hiyo silisikilizi. Mdogo wako Kitinda hajambo. Anakula kama ametumwa, na viatu vyake vya mpira bado vinalala juu ya meza yangu ya kupangia herufi, niseme nisiseme.

Haya, tuje kwenye vita vyetu. Nilikutegea A, E, I, M, S, T, na mfalme wao L, ambaye bila yeye hakuna neno. Umeniletea METAL, SMILE, STEAL, TAIL na MILES. Nimezitoa herufi zenyewe za risasi kwenye sanduku nikazipanga mezani, nione kama umeiba hata moja. Hukuiba. Kiingereza cha watu unakitafuna vizuri siku hizi, hata mwenye nacho akikisikia atadhani ni chako.

Na neno la jikoni umeliacha. Kila nikifungua barua yako naogopa kwamba safari hii utakuwa umejisahau. Unakumbuka tulivyokuwa tunakuna vichwa, mimi na wewe na usomi wetu, halafu mama yako anapaza sauti kutoka jikoni, "Si chumvi hiyo, jamani? Hamna macho?" Hakukaa darasani hata mwaka, Kiingereza chake chote alikisoma kwenye makopo na pakiti. Ndipo tukaweka sheria kwamba neno la jikoni ni lake, sisi tusiliguse hata likituangalia usoni. Kufariki kwake hakujaifuta sheria. Anayejibu analiacha, aliyetega analifunga. Basi nalifunga mimi: SALT. Mama yako kashinda tena.

Kitinda haya hayajui. Mama yake aliondoka akiwa bado anambeba mgongoni, na alipokua akachagua mpira. Siku nyingine namtazama nasema nitamfundisha, halafu mteja anaingia.

Zamu yako kunitega. Usinionee huruma.

Ni mimi baba yako,
Mzee Risasi


20 Februari

Baba yangu Mzee Risasi,

Shikamoo. Kikohozi kimeondoka bila kuaga, nami sikukikumbusha. Hofu yangu ni goti lako. Goti halichapi kadi, sawa, lakini ndilo linalokupeleka kwenye mashine. Mwambie huyo mla bure Kitinda akanyage badala yako.

Mimi niko kwenye roli la kupigia pasi mashuka. Tunasimama wawili wawili, mmoja analisha shuka, mwenzake analipokea upande wa pili likiwa la moto kiasi cha kukutoa machozi. Mvuke ukizidi hatuonani, tunaitana tu. Wakati huo ndio ninaochezea herufi kichwani. Nikipata neno zuri nacheka peke yangu, na msimamizi ananitazama kama nimepandwa na wazimu. Ni mkali yule mama. Pasi zetu za kusafiria zote ziko kwenye kabati lake na hazitoki hadi mkataba uishe Novemba, awe mtu amefiwa au ameolewa.

Mtego wako huu: A, E, O, R, S, T. Mfalme P. Kuna neno moja linalokula herufi zote saba. Ukilipata nitakuita profesa. Usipolipata utabaki kuwa baba tu.

Binti yako,
Kamusi


18 Machi

Binti yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta katika hali njema kama inavyotuacha sisi. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi. Samahani pia kwa kutumia taipureta, macho yangu hayapendi kalamu siku hizi. Goti halijambo.

Majibu yako haya hapa: SEAPORT, ndilo linalokula zote saba. PASTOR. SPORT. SPARE. PASTE. ROPE. SOAP. Yote nimeyamaliza. Nadhani sasa ni profesa.

Fanya kazi kwa bidii, usiwe na wasiwasi na nyumbani.

Baba yako


30 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikakaa kitandani nikaisoma tena. Tunalala wanne chumbani, na jirani yangu aliniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia hapana, baba yangu amekuwa profesa.

Hongera kwa SEAPORT. Umeyamaliza yote, Baba. Yote kabisa.

Umesema goti halijambo. Nimefurahi. Je, bado unakunywa chai yako kwenye kikombe kisicho na mkono? Karakana inafunguliwa asubuhi kama zamani? Nijibu hata kwa mistari miwili, ila kwa kalamu. Mwandiko wako hata ukiyumba nitausoma, nimeuzoea tangu natambaa.

Nakutegea tena: A, E, I, N, R, T. Mfalme C. Tafadhali cheza kama tunavyocheza siku zote. Nakuomba sana.

Binti yako,
Kamusi


14 Aprili

Binti yangu mpendwa,

Salamu za upendo. Hapa sote ni wazima. Chai nakunywa na karakana iko wazi. Kalamu bado inanisumbua macho.

RICE. CERTAIN. TRACE. CRANE. REACT. NICE. Safari hii nimeanza na jepesi, nikamalizia na mengine. Hakuna lililobaki.

Baba yako


25 Aprili

Kitinda,

Salamu utazipata ukishanijibu. Kwa sasa nina swali moja tu.

Baba yuko wapi?

Usiniambie macho wala taipureta. Barua ya tarehe kumi na nane Machi hakuiandika yeye, wala hii ya juzi. Usiniulize nimejuaje. Nimejua, basi. Uongo unaujua wewe na herufi zako, ila unamdanganya mtu aliyekufuta pua ukiwa na miaka mitatu.

Kama Baba amekufa niambie amekufa. Nimekwishalia kwenye mvuke hadi mwenzangu upande wa pili ameacha kuniita. Kinachoniua sasa ni kutojua. Leo nilikaribia kuingiza vidole kwenye roli pamoja na shuka.

Andika ukweli, na uandike leo.

Dada yako


6 Mei

Dada,

Shikamoo. Hajafa. Naanza na hilo ili upumue.

Siku mbili baada ya barua yako ya Februari kufika, alianguka karakanani, mguu ukiwa bado kwenye kanyagio la mashine. Kiharusi. Upande wa kulia wote umelala. Mdomo unatoa sauti moja tu, "ba", ukimpa maji "ba", ukimfunika "ba". Anakaa kwenye kiti karibu na dirisha anatazama ukuta. Namwosha, namlisha, namgeuza. Sijali kazi hiyo, nisikudanganye tena, nimeizoea. Kinachonimaliza ni yale macho. Nikimwita hageuki, au anageuka baada ya muda mrefu kama mtu aliyesikia jina la jirani.

Ni Baba Mkubwa aliyesema usiambiwe. Alisema, "Yule hawezi kutoka huko kabla ya Novemba, mkimwambia mtakuwa mmemfunga kamba shingoni mkamwachia." Nikaona ana hoja. Nikaanza kukaa na kamusi ya Kiingereza nitafute maneno yenu. Dada, mimi niliyefeli Kiingereza hadi mwalimu akaniomba radhi, nimekaa na kamusi wiki nzima hadi nikaota herufi zinanifukuza! SEAPORT nililipata nikiwa namnyoa Baba ndevu, nikapiga kelele peke yangu. Nilijivunia. Kwa mara ya kwanza nilikuwa ndani ya kile chumba chenu, wewe na yeye, ambacho mimi siku zote nilikisikia kwa nje tu mkicheka. Nilikosea wapi sijui, maana nilimaliza yote.

Sasa lililo gumu. Baba Mkubwa amepata nafasi kwenye nyumba ya wagonjwa wasiojitambua, ile ya nje ya mji. Wageni wanaruhusiwa mara moja kwa mwezi. Gari litakuja Jumamosi, tarehe kumi na tano Juni. Karakana itafungwa. Daktari alipoulizwa kama Baba anaelewa kitu alisema hajui, asubiriwe. Baba Mkubwa amesema tumesubiri vya kutosha, na mtu asiyejua yuko wapi haumii ukimhamisha.

Nami nimekubali. Nakwambia ili unichukie kwa ukweli, si kwa uongo.

Mdogo wako


15 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikuchukii. Nilitaka kukuchukia nikashindwa, kwa sababu ya hizo ndevu ulizomnyoa.

Nilikwenda kwa msimamizi na barua yako mkononi. Aliisikiliza, akanipa glasi ya maji, akafunga kabati. Siwezi kuja. Kwa hiyo mikono yangu ni yako wewe, na unisikilize kuliko ulivyowahi kunisikiliza.

Nenda karakanani, ufungue sanduku la herufi kubwa za risasi. Toa E, I, K, L, M, N, S. Weka ubao wa trei kwenye mapaja ya Baba, upande wa mkono wa kushoto. Zimwage. Mwonyeshe L, mwambie "mfalme huyu hapa, Kamusi amekutega." Kisha kaa kimya. Usimsaidie, usimharakishe, usimguse hata akichukua nusu siku kuinua herufi moja. Akimaliza neno uliandike, uzichanganye tena, usubiri. Akiacha, ujue ameacha.

Halafu niandikie alichofanya, chote, hata kile unachoona hakina maana. Usinipambie kitu. Afadhali uniambie hakuinua hata kidole kuliko kuniletea SEAPORT nyingine.

Sikwambii natafuta nini. Nikikwambia utanipa, kwa kuwa una huruma, na huruma yako sasa hivi ni sumu kwangu.

Dada yako


27 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimefanya ulivyosema, isipokuwa mahali pamoja, nitakwambia.

Nilimmwagia herufi asubuhi. Alizitazama kama alivyokuwa anautazama ukuta. Baba Mkubwa alikuwepo, akaagiza chai, akainywa, akaanza kusinzia. Mimi nimekaa juu ya mikono yangu ili isinitoroke. Ghafla kidole cha Baba kikaigusa L. Akaivuta, akaiweka kwenye ukingo wa ubao vile wanavyopanga wao wachapaji, kinyume, hadi nilifikiri amekosea. Kisha I, N, E. LINE. Dada, nilisimama nikagonga meza!

Alipumzika. Baadaye akapanga SMILE. Baada ya chakula akapanga LINK, kisha SILK. Jasho lilimtoka kama aliyebeba mashine nzima. Halafu akakoma, akaweka mkono wake wa kushoto pajani, akanitazama. Mimi, si ule ukuta.

Hapo ndipo nilipovunja amri yako. Niliona limebaki moja jepesi kabisa, nikaogopa Baba Mkubwa atasema limemshinda. Nikaweka M, I, L, K. Nikasema, "Baba, na hili je?" Akazipangua kwa kiganja. Nikafikiri mkono umeteleza, nikaziweka tena. Akazipangua kwa nguvu, M ikaanguka chini ya kabati, na machozi yakaanza kumtoka na "ba, ba, ba" isiyoisha. Nilimbeba nikamlaza.

Baba Mkubwa alitikisa kichwa. Akasema, "Umeona mwenyewe. Mikono inakumbuka kazi ya miaka arobaini, lakini MILK, neno lililo kwenye kila kopo, limemshinda. Ukimwonyesha anapiga kelele. Huyo hayupo, mwanangu." Gari linakuja tarehe ile ile, kumi na tano. Nguo zake nimezikunja jana.

Nisamehe kwa kukuletea habari hii. Uliniambia nisikupambie.

Mdogo wako


6 Juni

Kitinda, mdogo wangu, jicho langu,

Telegramu yangu itakuwa imekutangulia: USIMTOE BABA, BARUA INAKUJA. Sasa soma hii, umsomee na Baba Mkubwa neno kwa neno, na kama gari limeshafika isome barabarani.

Halikumshinda. Hakuliona gumu, aliliona lina mwenyewe. Mama hakusoma, maneno yake ya Kiingereza yalikuwa ya makopo na pakiti, na katika mchezo wetu neno la jikoni lilikuwa lake yeye. Tunaliona na tunaliacha. Tangu alipofariki hakuna hata mmoja wetu aliyeligusa. Wewe uliandika SOAP, nikashtuka. Ukaandika RICE, nikajua si Baba. Na juzi Baba amekataa MILK mara mbili, mpaka akalia, kwa kuwa mwanawe alikuwa anamwekea mkononi kitu cha marehemu na yeye hana mdomo wa kusema "liache." Mikono inayokumbuka kazi haichagui ya kuacha, Kitinda. Huyo ni Baba, yumo ndani mzima na hasira zake.

Mtu huyo mnataka kumpeleka kwa wasiojitambua, atazamwe mara moja kwa mwezi, na yeye anajua kila kitu!

Kama Baba Mkubwa haamini, ajaribu mwenyewe. A, E, R, S, T, U, mfalme G. Wewe usiguse chochote. Neno la jikoni aliweke Baba Mkubwa kwa mkono wake.

Hukukosea, mdogo wangu. Hakuna aliyekufungulia mlango, na hilo ni letu sisi. Nakuomba, kimbia.

Dada yako


17 Juni

Dada,

Shikamoo, na ukae chini kwanza.

Telegramu ilifika mapema. Baba Mkubwa aliisoma akaiweka mfukoni, akasema uchungu wa mtoto wa kike hauzuii gari. Wiki nzima nikashinda posta mlangoni, mtu wa posta akanifukuza mara mbili. Barua ilikuja Jumamosi asubuhi kwenye furushi la kwanza. Niliifungulia hapo hapo, nikaisoma nakimbia, nikagongana na mwenye baiskeli.

Nilipofika Baba alikuwa ameshapakiwa. Kiti cha nyuma, blanketi magotini, mfuko wa nguo pembeni. Dereva amewasha. Nikajilaza mbele ya boneti kama golikipa. Baba Mkubwa alinitukana tusi ambalo sitaliandika. Nikamsomea barua yako pale barabarani, majirani wakiwa wamejaa. Akasema, "Lete hizo herufi zake, tumalize aibu hii."

Ubao tuliuweka juu ya blanketi, mlango wa gari ukiwa wazi. Nikasema, "Baba, mfalme G, Kamusi amekutega." Dereva akazima gari mwenyewe. GATE ilichukua muda hadi Baba Mkubwa akaanza kutazama saa. Kisha GREAT. Kisha STAGE. Kisha GUEST. Mkono ukarudi pajani.

Nami nililiona, dada. Lilikuwa limekaa pale linaniangalia. Nikafunga mdomo hadi taya likaniuma.

Baba Mkubwa akainama, akazivuta herufi moja moja kwa kile kidole chake kinene. S, U, G, A, R. Akasema taratibu, "Na hili, mdogo wangu? Hili hulioni?"

Baba hakupiga kelele. Alizifunika zile herufi kwa kiganja. Akazishikilia hivyo, akamtazama kaka yake. Halafu akainua mkono, akanyoosha kidole kupitia mlango wa gari, kupitia mlango wa nyumba ulioachwa wazi, hadi jikoni.

Baba Mkubwa aligeuka kutazama kule kidole kilipoelekea. Hakuna mtu jikoni, kuna masufuria yangu tu ambayo sijayaosha. Akasema, "Shemeji." Alikaa ukingoni mwa gari akalia mbele za watu, mzee mzima. Alipomaliza alimwambia dereva arudi zake, akambeba Baba yeye mwenyewe hadi ndani.

Asubuhi sasa anakuja yeye kumlisha ili mimi nikanyage mashine. Tumechapa kadi mbili. Zimepinda kidogo. Baba alizitazama akasema "ba", na ile naijua maana yake, usiniombe nikutafsirie.

SUGAR bado halijafungwa. Wewe ndiye uliyetega, anasubiri barua yako.

Jana alijitolea herufi mwenyewe kwenye sanduku, akazisukuma kwangu. Si kwako, kwangu. A, D, E, L, R, T, mfalme B. Nimehangaika nazo tangu mchana na haya ndiyo maneno yangu: TABLE. BLADE. BEARD.

Neno la mama nimeliona. Nimeliacha.

Mdogo wako,
Kitinda